Tani Tatu za Ewald

Kila Oktoba lori hurudi kinyumenyume hadi mlangoni,
hubinua mgongo, hutema.
Tani tatu: mgao wa mchimbaji mstaafu.
Ewald amekufa, lakini karatasi hazijui kufa;
zimeandika jina langu chini ya lake:
Hildegarda, mjane, Bytom.
Nachukua sepetu.

Nyumba yetu imeinama.
Walichimba chini yake miaka sitini
na ardhi, kama godoro lililochoka, ikabonyea.
Ukidondosha gololi jikoni
huenda yenyewe hadi chumbani, upande aliolalia yeye.
Supu hukaa mshazari kwenye sahani.
Tumezoea.

Mwaka huu sepetu iligonga kitu bapa.
Jiwe la kijivu, na juu yake jani la kangaga,
kila kidole chake mahali pake,
kama kwamba mtu alilibana daftarini jana jioni
akaenda kulala.

Ewald aliwahi kuniambia, akijisugua shingo kwa sabuni
(weusi wa kope haukutoka hata siku ya harusi),
kwamba hapa tulipo palikuwa ikweta.
Nikacheka. Nje theluji ilifika kiunoni.
"Cheka tu. Bara nalo hutembea, ila halina haraka."
Kinamasi, akasema. Joto la kutoa jasho.
Miti yenye magamba kama samaki,
isiyojua ua, isiyojua ndege,
na kereng'ende wa mabawa mapana kama ya kunguru.
Miti ilikunywa jua, ikaanguka majini,
na maji yale hayakuwa na pumzi ya kuiozesha.
Ikalala. Juu yake mingine.
Juu yake tope, mchanga, bahari iliyokuja ikaondoka,
uzito juu ya uzito,
joto la chini likipika bila kufunua chungu
miaka milioni mia tatu,
hadi ikakamuliwa maji, ikakamuliwa hewa,
ikawa mboji, ikawa weusi, ikawa weusi unaong'aa.
"Usiliite jiwe, Hilda. Ni jua lililowekwa akiba
na mtu asiyeacha wosia."

Basi sisi tukajifanya warithi.
Tukayeyusha chuma, tukatandika reli,
na pale ng'ambo ya barabara kuu
minara ya umeme inapumua usiku kucha.
Niliingia humo mara moja, nikitarajia maajabu.
Kumbe ni birika tu!
Birika kubwa la ajabu: makaa yanachemsha maji,
mvuke unasukuma mapanga, mapanga yanazunguka,
na mjukuu wangu Kuba anachaji simu yake kwa kangaga.

Wosia haukuwepo, ila bili ilikuwepo.
Joachim, shemeji yangu, gesi ilimkuta chini siku ya Jumanne;
tulimtambua kwa mkanda.
Na Januari, upepo ukilala, moshi hauna pa kwenda.
Shuleni hutundika bendera nyekundu,
watoto wasitoke uani.
Kuba akikohoa, daktari haanzi na koo lake.
Anatazama kucha zangu.

Jiwe nililiweka dirishani, chini ya picha ya Mtakatifu Barbara.
Sikuwa na sababu. Lilikuwa zuri.

Februari nilishikwa na homa.
Baridi ilipasua ndoo ya maji varandani.
Niliamka alfajiri, jiko la vigae bado moto,
Kuba amejikunja mbele yake, uso masizi matupu.
"Nilitia kila kitu cheusi nilichoona, bibi."
Dirisha lilikuwa tupu.
Nikamwambia vyema. Ningemwambia nini?

Manispaa wamesema mwakani watang'oa jiko
na kutuvutia bomba la maji moto.
Nimetia sahihi. Mkono haukutetemeka,
ulitetemeka baadaye, kwenye ngazi.

Nilipochokoa majivu nililipata.
Jekundu kama tofali, limepasuka vipande viwili
kama mkate, kwa ubapa wake,
na ndani, mahali ambapo hata Ewald hakupafikia,
jani jingine.
Dogo zaidi. Limejikunja nchani, halijamaliza kufunguka.

Nililishika kwa aproni, bado la moto,
nikasimama katikati ya sakafu iliyoinama.